Maisha ya Sidi Mubarak Bombay: Hadithi ya Kufundishia Kuchemka kwa Maji

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya sayansi imeandikwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Mwanafunzi hulikariri jambo hilo, hulijibu katika mtihani, na hupata alama yake. Lakini siku anapopewa kipimajoto na sufuria ya maji hapa Lisekese, husoma 98 na nusu hivi. Akienda kwa jamaa zake Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, husoma 98 au pungufu. Akitia chumvi nyingi katika sufuria ile ile, kipimajoto hupanda tena. Hapo mwanafunzi hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hufuta alichokisoma na kuandika 100 ili kumridhisha mwalimu, ama huamini kwamba yeye hana kipaji cha sayansi. Yote mawili ni hasara. La kwanza linamfunza uwongo. La pili linamfukuza katika somo.

Ukweli ni kwamba maji hayana kiwango kimoja cha kuchemka. Mambo mawili hukibadilisha kiwango hicho: vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, na uzito wa hewa iliyo juu ya maji. Walimu wengi hufundisha jambo la kwanza kwa sheria na jambo la pili kwa jedwali, na wanafunzi husahau yote mara baada ya mtihani. Sisi tunapendekeza njia nyingine, yaani kuyafundisha yote mawili kwa njia ya maisha ya mtu. Mtu tuliyemchagua si profesa wa Ulaya. Ni mzaliwa wa nchi ya Wayao, jirani zetu wa Ruvuma, ambaye hakusoma shule hata siku moja, lakini aliipita Afrika kwa miguu pamoja na vipimajoto vya wasafiri, akaviona vyungu vya chumvi vya Uvinza vikichemka. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay.

Utoto na utumwa

Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika Uyao, nchi iliyotanda pande mbili za mto Ruvuma, katika sehemu ambazo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake halikutufikia. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara kutoka pwani walikizingira kijiji chao wakidai malipo ya bidhaa walizokuwa wamekopesha. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Waliokamatwa walifungwa na kuswagwa hadi Kilwa, na huko mtoto huyu akabadilishwa kwa vitambaa. Kutoka Kilwa alivushwa hadi Unguja, akauzwa tena kwa Mwarabu aliyemchukua hadi Bara Hindi.

Aliishi Bara Hindi miaka mingi. Huko alijifunza Kihindustani, na huko ndiko alikopata majina tunayomjua nayo: Sidi, jina walilopewa Waafrika wa Bara Hindi, na Bombay, jina la mji. Bwana wake alipofariki, Mubarak aliachwa huru. Akapanda chombo, akarudi Unguja, akajiandikisha kuwa askari wa Sultani. Alipelekwa katika ngome ndogo ya Chogwe, karibu na mto Pangani. Mwanzoni mwa mwaka 1857 walifika hapo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliokuwa wakijiandaa kwa safari ya bara. Mmoja wao, Speke, hakukijua Kiswahili, lakini alikuwa amehudumu katika jeshi la Bara Hindi na alikizungumza Kihindustani. Bombay alikijua Kihindustani. Hivyo lugha aliyojifunza utumwani ndiyo iliyomfungulia njia ya maisha mapya.

Tunawashauri walimu wasiipite haraka sehemu hii ya maisha yake. Mwanafunzi wa Masasi anaposikia kwamba mtu aliyetokea Uyao, tena akiwa mtoto wa rika lake, aliuzwa kwa vitambaa Kilwa, masikio yake hufunguka. Na masikio yaliyofunguka kwa historia hubaki wazi kwa sayansi inayofuata.

Chungu cha Uvinza

Msafara ulivuka kutoka Unguja Juni 1857. Ulipita Kaole, ukapanda milima ya Usagara, ukavuka Ugogo, na Novemba ukafika Kaze, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora. Baada ya mapumziko uliendelea kuelekea magharibi. Kwa wakati huo Burton alikuwa mgonjwa wa miguu na Speke alikuwa ameshikwa na maradhi ya macho hata haoni vizuri. Februari 1858 waliuvuka mto Malagarasi na kupita katika nchi ya Wavinza, ambao walitoza ushuru kila msafara uliovuka.

Uvinza ilijulikana kote katika nchi za maziwa kwa sababu ya chumvi yake. Maji ya chumvi hububujika kutoka ardhini karibu na mito ya Malagarasi na Ruchugi. Wakati wa kiangazi watu walikusanyika, wakachota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu vya udongo juu ya moto wa kuni mpaka chumvi ikabaki. Chumvi hiyo ilichukuliwa na wapagazi hadi mbali, pande zote za Ziwa Tanganyika, na watemi wa Uvinza walichukua sehemu yake kama kodi. Kazi hiyo haikuanza jana. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Uvinza mwaka 1967 walionyesha kwamba chumvi imetengenezwa huko kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mwalimu asimame hapa na aulize: ndani ya chungu kile kuna joto gani? Maji matupu, yakishaanza kuchemka, hayaongezeki joto hata ukitia kuni mzigo mzima. Hubaki pale pale mpaka yaishe. Chungu cha Uvinza hakikuwa hivyo. Kadiri mvuke ulivyotoka, maji yalipungua lakini chumvi haikupungua, maana chumvi haitoki na mvuke. Myeyusho uliobaki ukawa mzito zaidi, na kiwango chake cha kuchemka kikapanda hatua kwa hatua. Kilikoma kupanda pale tu maji yaliposhindwa kubeba chumvi zaidi, na punje zikaanza kutua chini ya chungu. Katika usawa wa bahari, maji yaliyoshiba chumvi namna hiyo huchemka kwa nyuzi 108 hadi 109.

Sababu yake si ngumu. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kutosha kuisukuma hewa iliyo juu yake. Chumvi inapoyeyuka, chembe zake husambaa kati ya molekuli za maji, nyingine hukaa karibu na uso wa maji, na hivyo molekuli za maji zinazoweza kuruka na kuwa mvuke hupungua. Mvuke ukiwa dhaifu, lazima maji yapashwe moto zaidi ili nguvu ile ile ipatikane. François-Marie Raoult, Mfaransa aliyefundisha katika shule za miji midogo kabla ya kuwa profesa wa Grenoble, ndiye aliyelipima jambo hili kwa uangalifu katika miaka ya 1880. Alionyesha kwamba kinachotawala ni idadi ya chembe zilizoyeyuka. Ndiyo maana gramu 58 za chumvi katika kilo moja ya maji hupandisha kuchemka kwa nyuzi 1 hivi, lakini sukari hata gramu 342 hupandisha nusu ya uzi tu. Chumvi ni nyepesi, na kila kipande chake huvunjika majini kikawa chembe mbili. Sukari ni nzito na haivunjiki.

Chembe hizo hizo huzuia pia kuganda. Molekuli za maji zinazotaka kujipanga ziwe barafu huzongwa na chembe za kigeni, kwa hiyo maji ya chumvi huganda chini ya sifuri. Gramu zile 58 katika kilo ya maji hushusha kuganda kwa nyuzi 3 na zaidi. Kwa hiyo kitu kilichoyeyuka hunyosha maji pande zote mbili: huyachelewesha kuganda na huyachelewesha kuchemka.

Kipimajoto ziwani

Februari hiyo hiyo ya 1858 msafara ulifika Ujiji. Kazi mojawapo ya wasafiri ilikuwa kujua ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Hawakuwa na njia ya kunyosha kamba kutoka Kaole hadi Ujiji. Walitumia maji yanayochemka. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na mvuke huishinda kwa joto dogo zaidi. Kwa kadiri, kila mita 300 za kupanda hupunguza uzi mmoja wa Sentigredi. Kwa hiyo mtu mwenye sufuria, moto na kipimajoto kizuri anaweza kuupima mlima bila kuona bahari.

Lakini njia hiyo inahitaji kipimajoto kisicho na kasoro. Kipimo cha Ujiji kiliwapa wasafiri urefu wa kama futi 1,850, yaani mita 560 na zaidi kidogo. Leo tunajua kwamba Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari. Kosa lilikuwa la mita 200 hivi. Tukigawa kwa 300 tunapata kama sehemu 7 za kumi za uzi mmoja. Kosa ambalo jicho la kawaida halilioni katika kipimajoto lilitosha kuliteremsha ziwa zima mita 200.

Hapa pana zoezi zuri kuliko yote katika hadithi hii. Kipimajoto kilisoma joto kubwa kuliko lilivyokuwa, na tumekwisha kujifunza kwamba chumvi hupandisha joto la kuchemka. Je, kosa lilitokana na chumvi iliyo katika maji? Wanafunzi na wapige hesabu. Ili kupandisha sehemu 7 za kumi za uzi, zinahitajika gramu 40 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji, ambazo ni nyingi kuliko zilizomo katika maji ya bahari ya Mtwara. Maji ya Ziwa Tanganyika hunywewa. Vitu vilivyoyeyuka ndani yake havifiki hata gramu moja kwa lita. Basi chumvi haina hatia, na kosa ni la chombo. Mwanafunzi aliyefikia uamuzi huo kwa hesabu yake mwenyewe amefanya kazi ya mwanasayansi kamili.

Katikati ya mwaka ule Burton alibaki Kaze, na Speke akaenda kaskazini na msafara mdogo, Bombay akiwa mkalimani na msaidizi wake mkuu. Mwanzoni mwa Agosti 1858, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza, waliliona ziwa ambalo Speke alilipa jina la Viktoria. Mara hii maji yaliyochemshwa yaliwapa urefu wa karibu futi 3,750, kama mita 1,140. Na kipimo cha siku hizi ni mita 1,134. Njia ile ile iliyokosea sana katika ziwa moja ilikaribia sana ukweli katika ziwa la pili. Maswali yote ambayo Speke aliwauliza wenyeji wa Mwanza juu ya ukubwa wa ziwa na mahali maji yake yanakokwenda yalipita katika kinywa cha Bombay, kutoka Kihindustani kwenda Kiswahili, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo.

Ugomvi wa mto Nili

Vipimo hivyo viwili vilizaa ugomvi mkubwa Uingereza. Speke alishikilia kwamba ziwa la kaskazini ndilo chanzo cha mto Nili. Burton alipendelea Tanganyika. Kama Tanganyika iko chini kama kipimo cha Ujiji kilivyosema, maji yake hayawezi kupanda kwenda Nili. Na waliotaka Tanganyika iwe chanzo wakakishambulia kipimo hicho. Kweli kipimo kilikuwa na kosa, kama tulivyoona. Lakini hata kiliposahihishwa, dai lao halikusimama, kwa sababu swali lilihitaji ushahidi mwingine, yaani mito yenyewe.

Speke alirudi kuutafuta ushahidi huo mwaka 1860, pamoja na James Grant, na Bombay akiwa miongoni mwa wakuu wa msafara. Walikaa kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe, wakafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwanzoni mwa 1862, na tarehe 28 Julai 1862 Speke na watu wake walisimama kwenye maporomoko ambapo maji yalitoka ziwani kuelekea kaskazini. Ni pale Jinja. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls mwaka 1954. Kutoka hapo waliufuata mto hadi Gondokoro walikofika Februari 1863, kisha Khartoum, kisha Kairo. Bombay na wenzake waliobaki waaminifu mpaka mwisho walirudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Mtoto aliyeuzwa Kilwa alikuwa sasa ameiona Bara Hindi, Nyanza, na mto Nili kutoka ziwani hadi Misri.

Si haki kuificha sura nyingine ya safari hiyo. Speke, ambaye alimsifu Bombay mara nyingi kwa uaminifu, aliandika pia kwamba aliwahi kumpiga mbele ya wenzake kwa sababu ya kutoelewana juu ya amri. Bombay hakuwa malaika. Wasafiri walilalamika juu ya ulevi wake na ubishi wake. Lakini siku ile ya ngumi aliondoka kwa hasira, na baadaye akarudi kazini, kwa maana bila yeye msafara usingalikuwa na ulimi. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton katika mji wa Bath. Bombay aliishi miaka 21 zaidi, na ni katika miaka hiyo ndipo swali la maziwa lilipojibiwa.

Safari za mwisho

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimwajiri Bombay kuwa mkuu wa askari wa msafara uliokwenda kumtafuta David Livingstone, na Novemba mwaka huo msafara ukamkuta Ujiji. Stanley na Livingstone walikwenda kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Mlango wa Tanganyika kwenda Nili ulifungwa siku ile kwa macho.

Mwaka 1873 Bombay aliongoza watu wa Verney Lovett Cameron kutoka Bagamoyo. Karibu na Tabora walikutana na Chuma na Susi waliokuwa wakiubeba mwili wa Livingstone kuurudisha pwani. Chuma naye alikuwa Myao. Cameron aliendelea hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1874. Vipimo vyake viliuinua uso wa ziwa juu sana kuliko kipimo cha 1858, na alipata mto Lukuga unaotoka ziwani kuelekea magharibi, kwenye maji ya Kongo. Njia ya kwenda ziwani ilipita tena Uvinza, na Cameron naye aliandika juu ya utengenezaji wa chumvi wa huko. Kisha walizidi kwenda magharibi, na Novemba 1875 wakafika pwani ya Atlantiki katika nchi ya Angola. Bombay alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari hadi bahari kwa miguu yake.

Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa malipo ya uzeeni. Mwaka huo huo wa 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, wengi wao wakiwa watu wa nchi hizi za Ruvuma na Nyasa, wakajenga chini ya milima yetu ya mawe. Bombay hakurudi kuishi Uyao. Wengine waliochukuliwa kama yeye walirudi, na wajukuu wao tumo nao madarasani. Alifariki Oktoba 1885, akiwa na umri wa miaka 65 hivi.

Jinsi ya kuitumia hadithi hii darasani

Tunapendekeza vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza kiwe cha hadithi na ramani. Wanafunzi wachore njia za Bombay, na katika kila kituo waandike urefu kutoka usawa wa bahari na joto la kuchemka wanalolitazamia. Mtwara nyuzi 100; Ujiji 97 na kidogo; Mwanza 96 na kidogo. Waongeze Masasi na Newala.

Kipindi cha pili kiwe cha moto. Vinahitajika jiko la mkaa, sufuria, maji ya mvua yaliyochujwa, mizani, chumvi na kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110. Kipimajoto cha zahanati kisitumiwe kamwe. Mwisho wake ni nyuzi 42 nacho kitapasuka. Hatua ni hizi:

1. Chemsha kilo moja ya maji matupu na uandike kipimo.

2. Zima moto kidogo, tia gramu 120 za chumvi polepole, kisha chemsha tena. Kipimajoto kitapanda kwa nyuzi 2 hivi.

3. Acha maji yaendelee kuchemka kwa dakika 20, na uandike kipimo kila baada ya dakika 5. Kitaendelea kupanda, kama katika chungu cha Uvinza.

4. Inua kipimajoto mpaka tundu lake la zebaki liwe katika mvuke, lisiguse maji. Kipimo kitashuka karibu na kile cha maji matupu.

Hatua ya nne isiachwe. Mvuke uliotoka katika maji ya chumvi hauna chumvi, na unapotua juu ya kipimajoto huwa maji safi. Ndiyo sababu vyombo bora vya kupimia milima hushika kipimajoto ndani ya mvuke, ili uchafu wa maji ya njiani usimdanganye msafiri.

Kipindi cha tatu kiwe cha hoja. Wape swali la Uvinza: mahali hapo pako karibu mita 1,000 juu ya bahari, kwa hiyo hewa peke yake huteremsha kuchemka kwa nyuzi 3 na zaidi, chumvi inaweza kukipandisha kwa nyuzi 8. Mtu akisoma 100 kamili katika chungu cha Uvinza, je, anaweza kusema maji yake ni safi? Jibu ni la, na mwanafunzi atakayelieleza ameshika somo lote kwa mkono mmoja. Waulize pia kama chumvi wanayotia mama zetu katika maharage huyaivisha upesi kwa kupandisha joto. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 6 hivi. Wakipiga hesabu wataona kwamba hupandisha sehemu moja tu ya kumi ya uzi katika kilo ya maji, na ladha ndiyo faida yake.

Hitimisho

Mwalimu anayefuta kipimo cha mwanafunzi kwa sababu hakilingani na kitabu anaweza kufuta ukweli. Nchi yetu imekwisha kuona mfano wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa yenye sukari aliyoyaweka kwenye barafu yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilichapisha jambo hilo. Wanasayansi wa dunia wangali wanalibishania.

Maisha ya Bombay yanatufundisha hivyo hivyo kwa njia nyingine. Kipimo cha Ujiji kilikuwa na kosa, lakini hakikufutwa. Kiliandikwa, kikabishaniwa, kikapimwa upya na waliokuja nyuma, na mwishowe ukweli wa ziwa ukajulikana. Katika msafara wa kwanza na katika ule wa mwisho alikuwamo mtu mmoja wa Uyao, akitafsiri, akiongoza na akivumilia. Mwanafunzi wetu akisoma 98 na nusu, na aandike 98 na nusu. Kisha mwalimu amwulize maswali mawili: uko juu kiasi gani, na ndani ya maji yako kuna nini?